Si Urojo

Maabela, Alhamisi, saa tatu za usiku,
na joto bado limekaa juu ya maegesho
kama mgeni asiyejua kuaga.
Hapa palikuwa pakiuzwa matairi.
Leo pana taa, vibanda kumi na vinne,
viti ambavyo miguu yake bado ina nailoni ya dukani,
na foleni.

Tumekuja wanne: mimi, dada yangu Rayya,
mwanawe Mundhir, ambaye kwake dunia yote ni chipsi,
na mama, Bi Zuwena, aliyekula nyumbani makusudi
asije akavutiwa.
"Mimi nawasindikiza tu," kasema,
akaufunga mkoba.

Tukaanza na mishikaki ya ngamia.
Nyama ngumu, lakini ngumu ya heshima,
inataka uitafune ukiwa na nia,
na ukwaju wake ukanipanda puani nikapiga chafya.
Rayya kachukua porota ya Kimalabari,
anaichambua tabaka kwa tabaka
kama barua iliyokunjwa mara nyingi.
Madruba: wali uliopondwa
hadi ukasahau kwamba ulikuwa wali.
Tambi za Kifilipino, na ndimu ndogo kama gololi.
Kisha rakhali, mkate mwembamba kuliko subira yangu,
ndani yai, jibini, asali
na chipsi za pakiti zilizovunjwavunjwa.
Mundhir akasahau kulia.

"Mkate na chipsi za pakiti," mama akasema. "Dunia imekwisha."
Lakini kidole chake, nilikiona,
kilikuwa kikifuta asali kwenye karatasi.

Kibanda cha kumi na moja kina ubao:
UROJO WA ZENJI, BAIZA MIA NANE.
Mama akasimama.
"Kwa mia nane, basi aniimbie na taarabu."

Mpishi anaitwa Biju, katoka Kerala.
Mama akamhoji kama karani wa uhamiaji:
Embe mbichi unatia? Unga unaukoroga na nini?
Chatine ni ya nazi, au umeparaza kopo?
Biju ana Kiarabu cha sokoni
na maneno matatu ya Kiswahili aliyofundishwa na bosi wake:
ndimu, pilipili, karibu.
Akajibu yote matatu, kwa mpangilio huo.

Bakuli likaja, manjano, moshi wake mwembamba.
Bhajia mbili, kachori, kiazi, nusu ya yai,
muhogo wa kukaanga juu yake kama vibanzi vya seremala.
Mama akaonja kwa ncha ya kijiko.
Tukangoja.
"Si urojo," akasema.
Akaonja tena. "Katia ndimu kavu.
Nani anatia ndimu kavu?"
Kijiko cha tatu: "Na bizari imezidi."
Cha nne hakikuwa na maneno.
Wala cha tano, wala vile
ambavyo sikuvihesabu kwa sababu nilikuwa namtazama uso.

Alitoka Unguja na meno ya utoto.
Ulimi wa mtoto wa miaka sita unakumbuka nini hasa?
Sikuuliza.
Miaka yote hii ametupimia kila urojo,
wa harusini, wa jirani, wa kwake mwenyewe,
kwa kibaba ambacho sisi hatujakiona,
na kila mara ukapungua.

Akaliinamisha bakuli. Akalikwangua.
Akampelekea Biju mwenyewe, mkono kwa mkono.
"Si urojo," akamwambia, na kwa Kiarabu,
asije akasingizia hakuelewa.
"Nifungie mwingine, nikahakikishe nyumbani."
Biju akaangalia maneno yake matatu,
akachagua moja.
"Karibu."

Mkoba ulifunguka. Mia nane, sarafu kwa sarafu,
hakutaka nilipe mimi.

Njiani Rayya akalala, Mundhir akalala,
gari zima linanuka ndimu kavu.
Mama mbele, kopo limebanwa magotini,
mikono miwili juu ya kifuniko.
"Polepole kwenye matuta," akasema.
"Usije ukanimwagia urojo wangu."